Jakuzi la Zamani Lenye Jeti Dhaifu: Fuata Njia ya Maji Kabla ya Kununua Pampu

Majakuzi mengi yaliyomo katika nyumba za Arusha hayakufika yakiwa mapya. Mengine yaliachwa na wageni waliomaliza mikataba yao na kurudi kwao, mengine yaliuzwa na loji zilizokuwa zikifanya ukarabati, na mengine yalishushwa kutoka kwenye kontena pamoja na makochi na majokofu yaliyotumika. Yakishafikisha miaka 15 au 20, lalamiko la wenyewe huwa lile lile: maji yanapata moto vizuri, taa zinawaka, lakini jeti, yaani yale matundu ya pembeni ambayo zamani yalimsukuma mtu mzima hadi ajishike ukingoni, sasa zinatoa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Fundi wa kwanza kuitwa husema kwamba pampu imekufa. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi pampu haijafa, na hata pale ilipokufa kuna kitu kilichoiua ambacho kitaiua na ile mpya.

Maji ya jakuzi huzunguka katika njia moja. Hutoka kwenye beseni kupitia chujio na kupitia vifuniko vya kunyonyea vilivyo karibu na sakafu, huingia katika pampu, husukumwa kwenye bomba kubwa, hugawanywa katika mipira myembamba, kisha hutokea kwenye jeti yakiwa yamechanganyika na hewa. Sehemu iliyo kabla ya pampu ni upande wa kuvuta, na iliyo baada yake ni upande wa kusukuma. Pampu haiwezi kusukuma maji ambayo haikuyapata, na ndiyo maana sehemu kubwa ya makosa ya jeti dhaifu huwa upande wa kuvuta, ilhali macho ya kila mtu yapo kwenye jeti zenyewe. Jina lenyewe jakuzi limetokana na ukoo wa Waitaliano waliohamia California, ambao walitengeneza pampu za visima na za mashamba kwa miaka mingi kabla ya kutoa pampu yao ya kuogea mwaka 1956. Kwa hiyo tangu mwanzo kifaa hiki ni pampu iliyozungukwa na beseni.

Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye saketi breka ya jakuzi, si kwenye vitufe vyake, na uthibitishe kwa mita kwamba hakuna volti inayofika kwenye pampu, kwa sababu katika nyumba nyingi nyaya zimekwisha unganishwa na kuunganishwa tena na watu wasiofahamiana. Kama laini ya jakuzi haina swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ile ya miliampia 30, mtu asiingie majini hadi ifungwe. Vilevile usiwashe pampu kwa kasi kubwa wakati kifuniko cha kunyonyea kimetoka au kimevunjika. Mvuto wa tundu lililo wazi hunasa nywele, na huweza kumshikilia mtoto chini ya maji. Marekani ilitunga sheria kuhusu vifuniko hivyo mwaka 2007, ikapewa jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyefariki kwa namna hiyo mwaka 2002. Jakuzi lililotengenezwa kabla ya hapo huenda bado lina kifuniko bapa cha mtindo wa zamani, na kukibadilisha kwa kilichoinuka katikati ni kazi ya bisibisi tu.

Anza kwa kupitisha kiganja

Washa pampu kwa kasi kubwa, keti ukingoni, kisha pitisha kiganja mbele ya kila jeti, moja baada ya nyingine. Kama zote zimelegea kwa kiasi kimoja, kasoro iko mahali ambapo maji yote hupita: kwenye chujio, kwenye bomba la kuvuta, kwenye pampu au kwenye umeme wake. Kama upande mmoja wa beseni una nguvu na wa pili hauna, shuku vali ya kugawa maji. Kama ni jeti moja au mbili, tatizo ni lao peke yao. Andika ulichokiona, kwa sababu baada ya kufungua vitu vitatu hutakumbuka hali ilivyokuwa asubuhi, na fundi atakayekuja atakuuliza hayo hayo.

Zote zimelegea, lakini maji yanatoka kwa utulivu

Toa chujio, washa pampu bila chujio kwa dakika mbili au tatu, kisha pitisha kiganja tena. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na bado ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Nguvu ikirudi, umekwisha pata jibu. Usizidishe muda huo, kwa kuwa bila chujio kila unywele na kila jani huelekea moja kwa moja ndani ya pampu.

Chujio halizibwi na uchafu unaoonekana peke yake. Mafuta ya kupaka mwilini, yawe ya nazi au ya mgando, huyeyuka katika maji ya nyuzi 38 na kushika nyuzi za kitambaa, hivyo chujio linaweza kuonekana jeupe huku halipitishi maji. Kulipiga maji ya mpira wa bustani kati ya mkunjo na mkunjo huondoa vumbi, ambalo kwetu wakati wa kiangazi ni jingi, na huondoa tope laini linalokuja na maji ya masika. Mafuta hayatoki mpaka chujio lilazwe usiku kucha katika ndoo ya dawa ya kusafishia machujio, lisuuzwe hadi povu liishe, kisha likauke. Usilipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, kwani mkandamizo wake huchana kitambaa. Hata likitunzwa vizuri, baada ya mwaka mmoja au miwili huwa limechoka. Nimewahi kufungua jakuzi moja nikakuta mahali pa chujio pamejazwa kipande cha godoro kilichokatwa kwa kisu; maji yalikuwa yakipita, naam, lakini vipande vya godoro vilikuwa vikipita pamoja nayo.

Kama kutoa chujio hakukubadilisha kitu, sikiliza pampu. Pampu nyingi za jakuzi zina kasi mbili, ndogo kwa ajili ya kuzungusha na kupasha maji, kubwa kwa ajili ya jeti. Bonyeza kitufe: mlio unapaswa kupanda waziwazi. Usipopanda, pampu imebaki katika kasi ndogo, ambayo kwa kawaida ni nusu ya kasi kubwa, na kwa kuwa mkandamizo hufuata mraba wa kasi, jeti hupata robo tu ya mkandamizo wake. Hapo kasoro iko kwenye kitufe au kwenye relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kisanduku cha umeme, na kununua pampu hakutasaidia. Pampu ikiguna na kushindwa kuanza, kisha ikajizima, kwanza shuku kapasita, kile kikopo kidogo kilichofungwa juu ya mota au ubavuni mwake, ambacho bei yake haikaribii bei ya mota. Kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo usiishike miguu yake kwa vidole.

Pima pia volti wakati pampu inafanya kazi, si wakati imezimwa. Umeme wetu ni wa volti 230, na mota nyingi huvumilia upungufu wa takriban asilimia 10, yaani hadi kama volti 207. Jioni, majirani wanapowasha majiko na hita za kuogea, au pale jakuzi lilipofungwa mwisho wa waya mwembamba uliovutwa kutoka nyumba kubwa hadi bustanini, volti inaweza kushuka chini ya hapo. Mota haitapungua kasi sana, bali itapata moto na kujikata baada ya dakika chache, kisha itaamka yenyewe ikipoa. Jeti zenye nguvu saa nne asubuhi na zinazozimika saa mbili usiku humpa mtu jibu hata kabla hajashika mita.

Jeti zinapumua: nguvu inakuja na kuondoka

Hii ni dalili ya hewa upande wa kuvuta. Tazama kwanza kina cha maji. Mdomo wa skima, yaani ule unaonyonya maji ya juu kuyapeleka kwenye chujio, ukiwa karibu kubaki wazi, utaona kizingia kidogo cha maji kikinyonya hewa, na kazi yote itakuwa kuongeza ndoo kadhaa. Kama kina kinatosha, na tatizo lilianza baada ya kumwaga maji na kujaza upya, kuna hewa iliyonaswa katika pampu. Zima umeme, legeza kidogo yunioni ya pampu, ile nati kubwa inayounganisha pampu na bomba, kwa mkono, robo ya mzunguko tu, usikilize hewa ikitoka kwa mluzi. Maji yakianza kudondoka mfululizo, ikaze tena. Wakati mwingine wa kujaza, ingiza mpira wa maji ndani ya tundu la chujio badala ya kuuacha ukining'inia ndani ya beseni, ili maji yapande ndani ya mabomba yakiisukuma hewa mbele yake.

Hewa isiyoisha hata baada ya hapo inaingia kupitia kiungo kilicholegea au oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, iliyokauka. Kiungo cha upande wa kuvuta kina tabia ya kuwapotosha watu: pampu ikiwa imezimwa hudondosha maji, na ikiwashwa hukauka, kwa sababu sasa kinavuta hewa. Mwenye nyumba huja, huwasha, huona pakavu, huondoka akiwa ameridhika. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo pampu ikiwa inazunguka, na utaliona povu likizama mahali penye ufa. Oringi mpya ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka, ambayo ndiyo yanayokuwa karibu na mkono, hufanya aina nyingi za mpira zivimbe na kulegea, na baada ya miezi michache utarudi pale pale.

Mlio wa changarawe

Pampu inayolia kana kwamba inasaga kokoto inakosa maji ya kutosha mdomoni. Pale mvuto unapozidi maji yanayofika, viputo vya mvuke huzuka na kupasuka ndani ya impela, yaani lile gurudumu lenye mapezi linalorusha maji, na kila kinapopasuka hudonoa plastiki. Maji yanasukumwa kuelekea kwenye pampu na uzito wake pamoja na mkandamizo wa hewa, nayo Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo huo umepungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Joto la maji huongeza ugumu huo huo. Mjini Moshi, ambako ni chini zaidi, upungufu ni mdogo kidogo. Kwa hiyo kizuizi ambacho jakuzi la Tanga lingekivumilia kwa miezi, hapa hujitangaza mapema.

Kisa chetu cha nyumbani kilitokea mwezi Novemba. Jakuzi letu lipo chini ya mjakaranda, na kwa wiki mbili jeti zilikuwa zikipungua huku mlio ukiongezeka. Fundi alikuja, akasikiliza, akasema, "Mama, hii mota imeungua ndani, niachie nikaisuke," yaani akafunge upya nyaya za koili zake. Akaichukua, akairudisha baada ya siku nne ikiwa imepakwa rangi, na jeti zikawa dhaifu kuliko mwanzo. Nilikaa na hali hiyo hadi baada ya Krismasi. Hatimaye mzee mmoja wa mtaani, aliyewahi kufanya kazi ya pampu za umwagiliaji katika mashamba ya kahawa, alifungua boliti nne za uso wa pampu, akaingiza kidole katika jicho la impela, tundu la katikati linaloingiza maji, na kutoa bonge la ukubwa wa yai: vikonyo vya maua ya mjakaranda vilivyosukwa pamoja na nywele. Maua yenyewe yalikuwa yameoza na kuondoka, vikonyo vikabaki. Kifuniko kimoja cha kunyonyea kilikuwa na pengo la kupitisha vidole viwili, na hakuna aliyekiangalia.

Tulipokwisha kufunga, nguvu ilirudi nusu tu. Mzee akainama nyuma ya mota, akaniambia niwashe na kuzima, akatazama feni ikipunguza mwendo. "Inazunguka kinyume, mama. Aliyeisuka ameunganisha waya za kuanzia kichwa chini." Mota ya laini moja haibadilishi upande kwa kugeuza waya wa moto na nyutro, ila hubadilika kabisa pale ncha za koili ya kuanzia zinapogeuzwa wakati wa kusukwa. Pampu ya namna hii ikizunguka kinyume haikatai kazi. Inaendelea kusukuma maji kwa udhaifu, na hapo ndipo inapomdanganya mtu. Tena impela nyingi za jakuzi hukazwa kwa nyuzi, kama za skrubu, kwenye shafti, kwa hiyo mwendo wa kinyume huifungua kidogo kidogo hadi ikwaruze nyumba yake, yaani ganda la pampu, na yetu ilikuwa imekwisha anza kulegea. Tafuta mshale uliochorwa kwenye nyumba ya pampu na uulinganishe na mwendo wa feni siku ile ile mota inaporudi kutoka kwa msukaji, kabla hujamlipa.

Ukiwa na mita ya kubana kwenye waya, kuna njia ya kuligundua bonge bila kufungua kitu. Soma ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, kisha pima. Pampu isiyohamisha maji ya kutosha hufanya kazi ndogo, kwa hiyo ampia zilizo chini sana ya kibao humaanisha kizuizi, hewa au impela iliyolika. Zikizidi kibao, shuku beringi au impela inayokwaruza.

Baadhi ya jeti tu

Jeti nyingi hufungwa na kufunguliwa kwa kuzungusha uso wake, na watoto huzizungusha. Jaribu hilo kwanza, ingawa litakuaibisha. Kisha geuza mpini mkubwa ulio juu ya ukingo, ule wa vali ya kugawa maji: ukiwa katikati, maji hugawanyika pande zote na kila upande hulegea, na katika jakuzi la zamani mpira wa ndani ya vali hulika hadi maji yapite popote mpini unapoelekezwa. Ndani ya kabati, karibu na pampu, kuna vali nyingine mbili za kukata maji wakati wa matengenezo, na si mara moja wala mbili nimezikuta zimefunguliwa nusu na mtu aliyesahau.

Jeti iliyoziba huchomolewa kwa kuizungusha kinyume cha saa. Ilaze katika siki iliyochanganywa na maji kwa saa kadhaa, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Watu wa Arusha tumezoea kuilaumu floraidi kwa kila ubaya wa maji, na kuhusu meno tuna haki, lakini ukoko mweupe wa kwenye jeti kwa kawaida ni chokaa. Jeti iliyopotea kabisa ni mbaya kuliko iliyoziba: tundu lililo wazi hupitisha maji mengi bila mkandamizo na kuzinyang'anya jirani zake.

Kama maji yanatoka kwa nguvu lakini hayana mapovu, fungua vishikizo vidogo vya hewa. Visipobadilisha kitu, tafuta mdomo wa bomba la hewa ndani ya kabati na ulichungulie kwa tochi. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda kipenyo kile, nao hukiziba barabara.

Jakuzi lililoletwa kutoka Marekani

Kuna jakuzi ambalo halina ugonjwa wowote, na bado ni dhaifu tangu siku lilipowashwa hapa. Soma kibao cha mota. Kikisema hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde, mota ilikusudiwa kuzunguka karibu mara 3,450 kwa dakika, lakini kwa umeme wetu wa hezi 50 itazunguka karibu mara 2,875. Kasi hiyo ni asilimia 83 ya ile ya asili, na mkandamizo unaopatikana ni kama asilimia 69. Hakuna usafi wa chujio utakaorudisha theluthi iliyopotea, na mota yenyewe hupata moto kupita kiasi kwa sababu sumaku yake hulemewa na mawimbi yaliyo marefu kuliko ilivyoundiwa. Stabilaiza hurekebisha volti, haigusi hezi. Hili ndilo tatizo pekee katika haya yote ambalo dawa yake kweli ni pampu nyingine.

Ukienda dukani, mwenye duka atakuonyesha pampu ndogo ya nusu nguvu farasi ya kupandishia maji kwenye tanki la juu, na atakuambia kwamba inafika mita 30 na zaidi. Ni kweli inafika, lakini huhamisha lita zipatazo 35 hadi 40 kwa dakika kupitia mdomo wa inchi moja, ilhali jeti za jakuzi zinahitaji mamia ya lita kwa dakika katika mabomba ya inchi moja na nusu au mbili. Andika kwenye karatasi volti, hezi 50, ampia, kipenyo cha yunioni zote mbili, kama bomba la kutokea linaelekea juu au pembeni, kama ni ya kasi moja au mbili, na urefu kutoka miguu ya pampu hadi katikati ya mdomo wa kuvuta; piga na picha ya kibao, na uende navyo vyote.